Mizimu ya Watahiniwa

Kazi yangu ilikuwa kuwapekua watu mifuko. Ndivyo kaka yangu alivyowajibu watu wa kanisani walipouliza nafanya nini Marekani. Nilinuna siku nzima, halafu nikaona hajakosea. Kituo chetu kilikuwa Woodbridge, katika jengo la ghorofa mbili lenye daktari wa meno chini na ofisi ya bima pembeni, na watu walikuja pale kufanya mitihani ya leseni kwenye kompyuta: wauguzi, wahasibu, mafundi umeme, madaktari. Mimi niliwapokea mlangoni. Nilikagua kitambulisho, nikachukua alama ya kidole, nikawaambia watoe mifuko nje, wakunje mikono ya shati, wavue saa. Simu na mkoba vilifungiwa kabatini. Mtu mzima, pengine ameshapasua matumbo ya watu huko kwao, anasimama mbele yangu mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee wa Kichina aliyepita miaka sabini. Kwao alifundisha fasihi ya kale kwa miaka mingi kabla ya kumfuata binti yake Virginia. Nilimwita Mzee kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, akalipenda. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake na mimi changu, lakini maneno yake yamebaki kichwani mwangu kwa Kiswahili na siwezi kuyaandika vinginevyo.

Watahiniwa wakishaingia, kazi yote ni kukaa. Unawatazama kupitia kioo, unatazama skrini za kamera, unatazama tena kioo. Kusoma chochote zamuni ilikuwa marufuku, kwa hiyo Mzee alisimulia. Zote zilikuwa hadithi za mizimu, na karibu kila mzimu ulikuwa umemshika kijana mwenye mtihani.

Alinieleza kwanza mtihani wenyewe ulivyokuwa zama za wafalme. Maelfu ya wanaume walifungiwa ndani ya ua mkubwa, kila mmoja kwenye kijichumba chake chenye mbao mbili, moja ya kukalia na moja ya kuandikia, na usiku anaziunganisha apate pa kulala. Wanakaa humo siku kadhaa. Langoni walipekuliwa mpaka mishono ya nguo na nyayo za viatu, hata mkate ulimegwa kuona kama kuna karatasi ndani. "Kazi yako ni ya kale sana," akaniambia, "usiidharau." Mtu akifia ndani, lango halifunguliwi. Maiti inapitishwa juu ya ukuta.

Na kabla lango halijafungwa, alisema, watu waliamini kwamba mizimu huitwa kwa sauti: mwenye kisasi aingie, alipe kisasi. Basi kijana hodari kuliko wote wilayani anaandika vizuri, hoja zinatiririka, mara msichana ambaye kijana huyo alimhadaa mpaka akajinyonga anakuja kuketi mbele yake. Anainamisha tu kile kibakuli cha wino, karatasi yote inakuwa nyeusi.

"Na wale waliofeli bila kumkosea mtu?" nikamuuliza.

Mzee akacheka. "Hao ndio wengi. Hao ndio walioandika hadithi zenyewe."

Akanifafanulia, na siku hiyo nilimsikiliza kuliko siku zote. Waliofaulu walipewa vyeo, wakawa wanaandika taarifa za mafuriko na kodi. Waliofeli walirudi kijijini kufundisha watoto wa wenzao, wakangoja mtihani mwingine, wakafeli tena. "Mtu amesoma tangu ana miaka mitano, sasa ana mvi. Mke amechoka, wakwe wanamcheka. Aseme nini? Aseme hana akili? Hawezi. Aseme msahihishaji ni mjinga? Atakatwa kichwa. Kwa hiyo anasema ni mzimu. Mzimu hauna wa kuutetea."

Alikuwa na hadithi nyingine ambazo mimi nilizifanyia mzaha. Mwanafunzi maskini amejifungia kwenye hekalu bovu kusoma, na mwanamke mzuri ajabu anamtokea, naye si mtu, ni mbweha au ni marehemu. Anamletea chakula cha moto, anamwashia taa, anasoma insha zake na kusema hajaona kalamu kama hiyo. Nikamuuliza Mzee mbona huyo mwanamke hamwambii hata siku moja aoshe vyombo. Akasema ndiyo maana ilibidi awe mzimu. Tulicheka mpaka meneja akachungulia. Lakini nikiwa narudi nyumbani, nimekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya I-95, nilimfikiria yule mwanafunzi hekaluni na njaa yake ya kusikia neno moja zuri, na sikuona tena cha kuchekesha.

Maana nyumbani kwangu tulikuwa na mwanafunzi.

Kaka yangu alikuwa daktari wa hospitali ya mkoa kwa miaka tisa kabla ya kupata green card kwa bahati nasibu. Alikuja na koti lake jeupe ndani ya begi, nadhani alidhani atalivaa baada ya miezi michache. Alipofika aliambiwa udaktari wake unatambulika pale tu atakapofanya mitihani yao, na kwanza chuo chake kithibitishe vyeti. Uthibitisho peke yake ulichukua zaidi ya mwaka wa barua, simu za kadi za kukwangua, na binamu aliyetumwa kukaa kwenye benchi la ofisi ya chuo. Wakati huo wote kaka alikuwa akiendesha gari hadi Lanham, upande wa pili wa mto, kwenye nyumba ya wazee, ambako alikuwa akiwaogesha na kuwabadilisha nepi. Wenzake wa kazi, Wakenya wengi, walijua yeye ni nani. "Daktari, si ukuje uone huyu mama, mguu umefura." Anakwenda, anautazama, anajua ni nini. Halafu anamwendea nesi na kumwambia kwa adabu kwamba mama wa chumba fulani anaonekana si mzima. Zaidi ya hapo haruhusiwi.

Alisoma asubuhi akitoka zamu, kwenye meza yangu ya jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Aliahirisha mtihani mara moja kwa sababu ya kazi, kibali chake cha mtihani kikaongezwa muda. Hakiongezwi mara ya pili. Kikiisha kabla hajafanya, faili linafungwa, na ukitaka tena unaanza na barua ya chuo. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, na hospitali zinazochukua madaktari wageni kwa mafunzo huuliza kwanza umekaa miaka mingapi hujamgusa mgonjwa. Kila mwaka uliopita ulimpunguza.

Siku moja ya Jumapili, baada ya kanisa, tukajaza fomu ya kuchagua siku. Nafasi zilikuwa zimejaa kila kituo isipokuwa changu, Alhamisi, siku tatu kabla ya kibali kuisha. Kaka alikuwa anakula ugali, mkono umejaa mchuzi. "Andika wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye mtaalamu wa makaratasi." Nikaandika. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za jina, nami nikaandika jina lake na jina la baba. Ndivyo anavyoitwa tangu darasa la kwanza. Ndivyo vinavyosema vyeti vyake vyote vya shule, na ndivyo ilivyodariziwa kwenye koti lake. Kwetu jina la babu linaongezwa pale wanapotaka matatu, basi. Lakini pasipoti ilitaka matatu, na Marekani wakalichukua la mwisho wakalifanya ndilo la ukoo. Kwenye leseni yake ya udereva kaka alikuwa mtu wa babu, na baba amebaki herufi moja.

Nilikuwa nalijua hilo. Naomba nieleweke: hakuna aliyelijua kuliko mimi. Kila wiki niliwarudisha watu wawili watatu, Waethiopia, Wavietnam, Wakongo, kwa sababu jina la kwenye skrini si lile la kwenye kitambulisho. Niliwaambia kwa ule uso wangu wa pole kwamba sharti liliandikwa wazi kwenye barua. Wengine walilia. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba watu hawasomi.

Barua ya kuthibitisha ikaja. Kaka akaisoma, mimi nikaisoma, tukaibandika kwenye friji, na kwa wiki tatu kila aliyefungua friji kuchukua maziwa aliliona lile jina. Hatukuona kosa kwa sababu lilikuwa jina lake. Kanisani nikasimama mwenyewe kuomba maombi. "Daktari wetu ana mtihani Alhamisi," nikasema, na watu wakampigia makofi kabla hajafanya kitu.

Sheria inasema mtumishi wa kituo asimhudumie ndugu yake, kwa hiyo Alhamisi niliomba ruhusa. Asubuhi ile mwenzetu wa tatu akaugua. Meneja akanipigia: njoo, kaa kwenye skrini, usiguse karatasi za kaka yako, Mzee atamhudumia. Nikaenda. Nilifurahi hata, nilitaka nimwone akiingia.

Kaka alifika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Tulikuwa tumekubaliana tusisalimiane, akapita kwenye kioo changu akitazama mbele, ila ukope mmoja ukanikonyeza. Nilishamweleza mara nyingi tunavyopekua watu, na kwa kuwa alitaka kila kitu kiende haraka, alitoa mifuko nje kabla hajaambiwa. Akampa Mzee leseni.

Kamera ya mapokezi iko juu darini. Nilikuwa naona utosi wa Mzee na upara mdogo wa kaka yangu. Nikaona kidole cha Mzee kinakwenda kwenye skrini, kinarudi kwenye leseni, kinakwenda tena, kinasimama. Nilijua hapo hapo. Hakuna aliyenieleza.

Mzee akageuka akatazama kioo changu.

Nikatoka. Nikavunja sheria, nikatoka. "Ni kaka yangu," nikamwambia meneja aliyekuwa ameshafika. "Fomu niliijaza mimi. Hilo ni jina la baba, hili ni la babu, ni mtu huyo huyo, mimi namjua tangu nizaliwe."

Meneja hakuwa mtu mbaya. "Kwa sababu ni kaka yako," akasema, "wewe ndiye mtu pekee humu ambaye siwezi kumsikiliza."

Mzee akapiga simu makao makuu, wakamwekea muziki wa kusubiri. Kaka akatoa pochi. Kadi ya kazi: jina la babu. Kadi ya benki: la babu. Nikamwambia pasipoti, nitaikimbilia nyumbani sasa hivi, kisha nikakumbuka pasipoti ndiyo iliyoanza. Katika nchi ile yote hapakuwa na karatasi hata moja ya kumtambulisha yenye jina nililoandika. Zote zilikuwa Tanzania, kwenye sanduku la mama. Ule muziki ukaendelea. Watahiniwa wengine wawili walikuja, wakapekuliwa, wakaingia, kwa kuwa kazi haiwezi kusimama. Niliwapekua mimi. Mmoja aliniuliza kama choo kiko kulia au kushoto, nikamwonyesha.

Makao makuu walipopokea, walisema hapana. Mzee aliwaomba mara mbili, na sikuwahi kumsikia akiomba. Hapana. Ile nusu saa ambayo mtahiniwa huruhusiwa kuchelewa ilikuwa imepita, na hata wangebadili jina siku ile, kiti kilikuwa kimefungwa, na nafasi nyingine hakuna mpaka mwezi ujao, na kibali kinaisha Jumapili.

Kuna karatasi ambayo mtu aliyerudishwa husaini, kukiri kwamba hakuingia. Mzee akaisukuma mezani polepole. Kaka akachukua kalamu, akainama, akasita.

"Nisaini jina lipi?" akauliza.

Alikuwa anauliza kweli, kwa upole, kama mtu anayetaka kujaza sawasawa. Meneja akasema lile la kwenye leseni. Kaka akasaini, akashukuru, akaelekea mlangoni mifuko bado iko nje. Nikamkimbilia kwenye korido, nikamrudishia mifuko ndani kwa mikono yangu miwili, mmoja baada ya mwingine. Nilitaka anipige. Angenipiga kofi pale mbele ya mlango wa daktari wa meno ningemshukuru.

"Rudi kazini," akasema. "Utafukuzwa bure."

Nikarudi. Nilikaa mbele ya zile skrini kwa muda wa saa tano, nikiwatazama watu wengine wakifanya mtihani. Kaka, nilikuja kujua baadaye, alipiga simu Lanham akaomba zamu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na nafasi.

Faili likafungwa Jumatatu. Tukaandika barua mpya kwa chuo, tukamtuma tena yule binamu kwenye benchi. Chuo kikasema barua kama hiyo ilishatolewa, haiwezi kutolewa mara mbili. Tukapiga simu, tukaambiwa anayehusika amehama. Kila mlango tuliogonga ulikuwa na mtu kama mimi nyuma yake, mwenye sharti lake na uso wa pole, na sikuwa na haki ya kumkasirikia hata mmoja.

Mzee aliacha kusimulia. Tulikaa tu, kioo mbele yetu. Baada ya wiki nyingi nikamwomba anisimulie moja, yoyote. Akasema anazijua nyingi za waliofeli na anazijua za mizimu iliyowafelisha, lakini hajui hata moja ambamo mzimu uliomfelisha mtu ulikuwa unampenda. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kanisani walikuwa wakiuliza kila Jumapili. "Daktari, vipi, ume-pass?" Wakenya wa Lanham nao: "Daktari, results zikikuja utuambie tu-celebrate." Kaka akawajibu matokeo yanachelewa. Nilikuwa najiambia kwamba nitasimama niseme, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama kuomba maombi. Kila Jumapili nilivaa nikiwa nimeamua, na kila Jumapili nilirudi nyumbani sijasema. Siku moja mchungaji akamwita mbele. Kaka akashika maikrofoni.

"Ndugu zangu," akasema, "nimefeli. Naomba tuendelee kuombeana."

Mama mmoja akaanza kuimba taratibu ili kumfunika aibu, na wengine wakapokea. Walimjia wakamshika mabega. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia siyo kila mtu amepangiwa udaktari. Na mimi nilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwake, mdomo ninao, watu wananipa pole kwa kuwa na kaka aliyeshindwa. Nikaipokea ile pole. Nilisema asante.

Tukarudi nyumbani kwa gari. Nilikuwa naendesha mimi.

"Kaka, kwa nini umesema hivyo?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema ni mimi."

Akachezea mkanda wa gari. "Hata ningeingia," akasema, "ningefeli. Sikuwa tayari, mdogo wangu. Usijisumbue tena na mambo ya majina."

Haikuwa kweli. Wiki ile ya mwisho nilikuwa namsomea maswali kwenye kile kitabu chake kinene huku napika, na alikuwa anajibu kabla sijafika mwisho wa swali, tena ananieleza kwa nini majibu mengine manne ni ya uongo, na anacheka. Nilijua. Nilipaswa kusema, kaka, unanidanganya, wewe ungefaulu, wewe ni daktari. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba, na yeye alikuwa ananitua, na Mungu anisamehe, nikamwacha anitue.

"Pengine," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akageuza uso dirishani, na tukaenda hivyo mpaka nyumbani. Juma lile alimpa kitabu chake kijana mmoja Mtanzania aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani huo huo, na hakukaa tena kwenye meza yangu na karatasi. Miaka imepita nami bado naisikia sauti yangu ndani ya lile gari. Sasa naelewa kwamba aliposema angefeli, alikuwa anangoja nimkatalie.